Mchango

Vikombe arubaini na viwili, vifuniko vya rangi ya chungwa,
nimevipanga kwenye sanduku la barafu kama mayai ya bata.
Kila kimoja kina namba, tarehe, na saa ya haja.
Dereva ameshusha kioo, hasemi kitu.
Kuala Lumpur ni mwendo wa saa tatu u nusu,
na mimi Juita, binti Semah,
nimepakata mavi ya kijiji kilichonizaa.

Cha mama ni namba kumi na saba.

Chini ya hadubini mayai ya minyoo yake
yametulia kama mapipa madogo,
kizibo huku, kizibo kule.
Nahesabu. Nafika mia mbili, naacha.
Mwanamke wa miaka sitini na minne,
anagema mpira kabla hakujapambazuka,
anakula pilipili mbichi na samaki waliovundikwa kwa wali,
na tumbo, anasema, halijapata kumwamsha usiku.

Langu huniamsha.
Langu lina moto usio na moshi.
Mimi niliyepelekwa bweni na miaka saba,
nikapewa viatu, sabuni, kidonge cha kutafuna kila muhula,
mimi niliyetakata,
nakijua kila choo kati ya kituo cha treni na maabara,
naijua damu ikiwa mbichi na ikiwa imelala.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Nguo zangu nimezikung'uta, hamna mtu.
Nani basi ananila?

Daktari Ponnusamy alinichorea nyuma ya risiti ya chakula:
huu ukuta wa utumbo, huu ute uliotandikwa juu yake.
Wako bakteria waishio kwa kuutafuna ute;
wakizidi, wanafika ukutani,
na askari wa mwili, wasiojua kubisha hodi,
wanachoma mtaa mzima wakimsaka mwizi mmoja.
Halafu anaingia mnyoo.
Anachimba, anajikunja, anaudhi,
na ukuta kwa kuudhika unamwaga ute, na ute tena,
mzito kama uji wa muhogo.
Humo wanastawi bakteria wengine, wapole;
wale watafunaji wanapungua,
askari wanaketi chini.
"Huenda," akasema. Alisema huenda mara tatu.
"Kwa panya tumeona. Kwa watu, ndiyo hayo unayobeba."

Mgeni siku mbili,
siku ya tatu mpe jembe.
Kumbe huyu
alikuwa analima siku zote.

Nilipomsimulia mama alicheka hadi akashika kiuno.
"Kama wanakufaa, si uchukue wangu?"
Akanyoosha kiganja kitupu,
kama anayenigawia chumvi.

Ila namba thelathini na moja ni Kipli, mtoto wa kaka yangu.
Miaka sita, kimo cha wa minne.
Ukivuta kope lake la chini, ndani ni peupe.
Mgeni yuleyule, jembe lilelile,
shamba ndilo dogo.
Kipli nilimpa dawa kwa mkono wangu.
Aliitafuna, akauliza kama iko nyingine.

Mchango:
ndilo jina la mnyoo,
ndilo jina la kile kinachotolewa na kila nyumba
mzigo unapomshinda mmoja.
Nani alitoa, nani alikula,
daftari langu lina safu mbili tu,
na mama haingii katika yoyote.

Naye nilimpa kidonge. Utaratibu ni utaratibu.
Alikimeza bila maji, akiniangalia,
kwa kuwa aliyempa ni mimi.

Wiki ya tatu nimerudi na vikombe vipya,
kuona nani kaondoka na nani.
Nimelala kwenye mkeka kando yake,
mvua inapiga bati.
Saa nane za usiku nimemsikia akiamka,
akipapasa gizani kutafuta tochi,
akifungua mlango taratibu asinishtue.

Nilikuwa macho. Sikuuliza.